Kabla hujapanga mbawakawa wa majani kwa jenomu ya mitokondria

Wanafunzi wengi wanaonijia na wazo la kutumia jenomu nzima ya mitokondria (DNA yote ya vijiumbo vinavyoipa seli nishati) kuchunguza nasaba ya mbawakawa wa majani, familia ya Chrysomelidae, huanza kwa kuniuliza watumie programu gani. Mimi huwarudisha kwanza kwa mdudu mwenyewe. Kwa niliyoyaona katika kazi hii, mti wa nasaba huwa mzuri au mbovu tangu shambani, kompyuta ikiwa bado imezimwa.

Familia yenyewe ni kubwa mno: spishi zaidi ya 35,000 zimeshaelezwa. Mkulima wa maharage kaskazini mwa Tanzania anaijua kwa Ootheca, anayetoboatoboa majani machanga huku mabuu wake wakitafuna mizizi chini ya udongo. Mwenye kunde ghalani anaijua kwa Callosobruchus maculatus, yule anayeacha tundu la mviringo kwenye kila punje. Fukusi huyu wa kunde na wenzake walihesabiwa kwa miaka mingi kuwa familia ya peke yao, Bruchidae. Siku hizi ni nusufamilia ndani ya Chrysomelidae, na ndugu zao wa karibu ni Sagrinae, wale wenye mapaja ya nyuma yaliyovimba. Maumbo ya mabuu yaliashiria undugu huo, na vinasaba vikauunga mkono.

Mitokondria inapendwa kwa sababu za wazi. Jenomu yake ni ndogo, kwa kawaida jozi besi (jozi za herufi za DNA) 15,000 hadi 17,000 hivi, yenye jeni 37: 13 za protini, 22 za tRNA na 2 za rRNA, molekuli zinazosaidia seli kutengeneza protini. Kila seli ina nakala zake nyingi, kwa hiyo hata mdudu aliyekaa miaka kwenye pini ya makumbusho anaweza kukupa kitu. Tangu 2003, jenomu ya Crioceris duodecimpunctata, mdudu wa asparaga, ilipochapishwa, nyingine nyingi zimefuata.

Sasa ushauri wenyewe. Mdudu aingie kwenye ethanoli ya asilimia 96 au zaidi akiwa hai, na kesho yake uimwage uweke mpya, maana maji ya mwili wake yameshaizimua. Kisha usimsage. Tenga fumbatio, yaani sehemu ya tumbo, litoboe kidogo, lilaze usiku kucha kwenye kimeng'enya cha proteinezi K, kinachoyeyusha protini. Asubuhi DNA iko kwenye maji na ganda limebaki safi, nyama zote zimeyeyuka. Ukiwa na dume, kiungo chake cha uzazi kinatoka king'avu, kimepinda kama ndoana, tayari kupigwa picha chini ya hadubini. Katika jenasi nyingi za familia hii kiungo hicho ndicho kinachotenganisha spishi mbili ambazo kwa nje huwezi kuzitofautisha. Ukimsaga mdudu mzima unabaki na herufi za DNA usizojua ni za nani.

Data za DNA zikirudi kutoka maabara, soma jeni za protini kwa msimbo wa mitokondria za wanyama wasio na uti wa mgongo. Humo herufi tatu TGA humaanisha triptofani, moja ya asidi amino zinazojenga protini, si alama ya kusimama. Ukiona bado kuna vituo katikati ya jeni, shuku kwamba umeokota nakala iliyohamia kwenye kiini cha seli, na usiipeleke mbele.

Mpangilio wa jeni hautakusaidia sana, kwani kwa mbawakawa hawa wengi haujabadilika. Habari iko kwenye mfuatano wenyewe wa herufi za DNA, na hapo kuna mtego. Jenomu hizi zimejaa herufi A na T, mara nyingi robo tatu au zaidi, na nafasi ya tatu ya kodoni (herufi tatu zinazotaja asidi amino moja) hubadilika haraka mpaka historia yake inafutika. Koo mbili zisizohusiana zinaweza kuvutana kwa sababu tu zote zimezidi A na T. Mimi huwataka wanafunzi watengeneze mti kwa nukleotidi zote, kisha bila nafasi ya tatu, kisha kwa asidi amino, na wajaribu pia modeli inayoruhusu kila sehemu ya mfuatano iwe na tabia yake. Tawi linalohama kila ukibadilisha njia, usilijengee jina jipya.

Mfano ni wale wanaoruka, Alticini. Ndani ya paja la nyuma wana springi ngumu inayowarusha mbali ghafla, na kwa sababu hiyo walipewa nusufamilia yao. Data za molekuli zimewaweka ndani ya Galerucinae, na baadhi ya jenasi zenye springi zimeangukia katikati ya zisizoruka. Kwangu hilo ndilo jambo tamu kuliko yote katika familia hii, na ndilo linalohitaji uangalifu zaidi.

Kwa sababu jeni zote 37 hurithiwa pamoja kutoka kwa mama, kwa habari ya nasaba ni shahidi mmoja. Bakteria Wolbachia, anayepita njia hiyo hiyo ya mama, anaweza kusambaza aina moja ya mitokondria hadi kuvuka mipaka ya spishi, na dalili zake zimeonekana kwenye jenasi ya Altica. Ongeza jeni za kiini, walau 28S, jeni ya rRNA iliyo kwenye kiini, hasa ukilenga spishi zilizo karibu.

Usifute mifuatano iliyobaki baada ya kuunganisha mitokondria. Tumbo la mdudu huyu lina jani alilokula, na kloroplasti ya jani hilo imo kwenye data zako. Humo utajua alikuwa akila mmea gani, na utaona pia kama ana Wolbachia.

Kabla ya yote hayo shughulikia kibali cha utafiti kwenye tume ya sayansi ya nchi, COSTECH ukiwa Tanzania au NACOSTI ukiwa Kenya. Mwishoni mpeleke mdudu makumbusho, namba yake ya GenBank, hifadhidata ya umma ya mifuatano ya DNA, ikiwa imeandikwa kwenye lebo iliyo kwenye pini yake, pamoja na mahali, tarehe na mmea ulipomkamatia.