Shira ya mepo haiishii kwenye pankeki

SWALI: Nimezawadiwa chupa ya shira ya mepo (kwa Kiingereza "maple syrup"), na tangu niifungue nimekuwa nikiimimina juu ya pankeki tu. Je, inafaa katika mapishi ya kila siku, hata ya vyakula vya chumvi? Na kwenye keki, inaweza kushika nafasi ya sukari?

JIBU: Inafaa sana, na kwa maoni yangu ni katika vyakula vya chumvi ndipo inapoonyesha ubora wake. Kwanza, hata hivyo, soma kibandiko cha chupa. Shira halisi ina kiambato kimoja tu, yaani utomvu wa mti wa mepo uliochemshwa hadi ukawa mzito, ilhali chupa nyingi zinazouzwa kwa ajili ya pankeki huwa na shira ya mahindi iliyotiwa rangi na ladha, ambayo hukipa chakula utamu mtupu. Ile halisi huhitaji takribani lita 40 za utomvu ili ipatikane lita 1, na ladha yake, inayokaribia ile ya sukari iliyounguzwa kidogo, hutokana na kuchemshwa huko. Shira nyeusi zaidi, ambayo kwa kawaida hutokana na utomvu wa mwishoni mwa msimu, ndiyo ninayoipendelea jikoni kwa sababu ladha yake haimezwi na viungo vingine.

Siri yake ni kuipa mwenza mwenye uchachu, chumvi au ukali. Kwa saladi, changanya vijiko vitatu vikubwa vya mafuta ya zeituni, kimoja cha siki, kijiko kidogo cha haradali na kijiko kidogo cha shira, kisha utie chumvi. Kwa samaki au kuku wa kuoka, ichanganye na mchuzi wa soya, tangawizi na kitunguu saumu, lakini ipake katika dakika kumi za mwisho, kwani sukari iliyomo huungua upesi na kuacha uchungu ambao hauwezi kurekebishwa. Karoti, boga na viazi vitamu vya kuoka huipokea vizuri mno, hasa ukinyunyizia pilipili ya unga. Mimi huona karoti ndizo zinazonufaika kuliko vyote. Mchuzi wa nyanya uliozidi uchachu hutulizwa na kijiko kimoja kidogo. Kwenye uji wa oti, mtindi au kahawa, tia kiasi ukipendacho.

Kuhusu keki, kwa kila kikombe kimoja cha sukari tumia robo tatu ya kikombe cha shira, punguza maji au maziwa kwa vijiko vitatu vikubwa hivi, na ushushe joto la oveni kwa nyuzi 15 za Selsiasi, kwa kuwa keki ya shira huwahi kubadilika rangi juu kabla ya kuiva ndani. Nisingeitumia kwa biskuti zinazotakiwa kuwa kavu na za kuvunjika, maana zitatoka laini.

Kwa kuwa umekwisha kuifungua chupa, iweke kwenye jokofu, kwa sababu shira halisi isiyo na kemikali za kuihifadhi huota ukungu ikiachwa mezani. Mwenye kisukari aihesabu kama sukari nyingine yoyote, kwani sehemu yake kubwa ni sukari ileile ya mezani.