Maswali ya Wasomaji: Je, Kipandikizi cha Kauri Huzeeka Mdomoni?

SWALI: Daktari, mimi ni mwalimu mstaafu wa Kondoa. Nimeng'olewa gego, na nilipokwenda Dodoma mjini kuulizia kipandikizi, yaani mzizi bandia wa jino unaopandwa kwenye taya, nilielezwa kwamba kipo cha madini ya titani na kipo cha kauri nyeupe iitwayo zirkonia. Jirani yangu anasema kauri ni kama kigae, haiozi wala haizeeki. Mjukuu wangu anadai huzeeka kwa maji peke yake. Nani mkweli? Tena visima vyetu vina floraidi, je, haitakiharibu?
Mstaafu, Kondoa

JIBU: Shikamoo, Mwalimu. Mjukuu wako ndiye aliye karibu na ukweli, ingawa jambo lenyewe si la kukukosesha usingizi.

Zirkonia safi iliyochomwa tanurini, inapopoa na kushuka chini ya nyuzi joto 1,170 hivi, hubadili mpangilio wa fuwele zake na kutanuka kwa takriban asilimia 4 hadi 5, kiasi kinachotosha kuipasua. Ili isigeuke, huchanganywa na itria (oksidi ya madini ya itriamu) kidogo, kwa kawaida molekuli 3 katika kila 100. Kwa hiyo punje zake, yaani fuwele ndogondogo zinazoiunda, hubaki katika umbo ambalo, zikipata upenyo, ziko tayari kuliacha, na hapo ndipo ulipo uimara wake: ufa unapoanza, punje zilizo kwenye ncha ya ufa hugeuka, hutanuka na kuubana usiendelee. Watafiti wa Australia waliieleza sifa hiyo mwaka 1975.

Kwa bahati mbaya, sifa hiyohiyo ndiyo inayoleta uzee. Maji, yakiwamo mate na majimaji ya mwilini, hupenya taratibu kwenye punje za juu na kuzifanya zigeuke pasipo ufa wowote. Punje iliyovimba huzisukuma zilizo jirani, vijiufa hufunguka, na maji hupata njia ya kwenda ndani zaidi. Uso hukwaruza, na baada ya muda uimara unaweza kupungua. Badiliko hili huenda kasi zaidi karibu na nyuzi 250, lakini hata katika nyuzi 37 za mwili wa binadamu halisimami, hujikokota tu.

Funzo kubwa zaidi lilitoka kwenye nyonga, si mdomoni. Karibu na mwaka 2001, mamia ya vichwa vya nyonga bandia vya zirkonia vilivyotengenezwa na kiwanda kimoja nchini Ufaransa vilivunjika ndani ya miili ya wagonjwa, na chanzo kikahusishwa na kubadilishwa kwa tanuri la kuchomea. Ndiyo maana mtu anaponiambia kwamba kipandikizi ni cha zirkonia, kwangu bado hajaniambia lolote mpaka nijue nani amekichoma na kimepimwaje. Punje ndogo zilizoshikamana vizuri huzeeka polepole, na kuongeza alumina (oksidi ya alumini) husaidia pia. Kipimo cha kimataifa, ISO 13356, huitia sampuli katika mvuke wenye shinikizo, nyuzi 134 kwa saa 5, na sehemu iliyogeuka haitakiwi kuzidi asilimia 25.

Kuhusu floraidi, ondoa shaka. Madoa ya kahawia tunayoyaona Singida na baadhi ya sehemu za Dodoma hutokea wakati enameli, tabaka gumu la nje la jino, inajengeka utotoni, kabla jino halijaota, ilhali kipandikizi huletwa kikiwa kimekwisha kuchomwa. Jihadhari tu na jeli za floraidi zenye tindikali, ambazo zinaweza kuchubua kauri ya kioo inayopakwa juu ya baadhi ya mataji, yaani kofia za jino zinazovishwa juu ya kipandikizi.

Kwa gego, ambalo hubeba nguvu kubwa ya kutafuna, mimi ningechagua titani, kwa kuwa imekaa katika taya za watu tangu daktari Per-Ingvar Brånemark alipompandikiza mgonjwa wake wa kwanza nchini Sweden mwaka 1965. Ukipendelea zirkonia, mwombe daktari asikisage kipandikizi mdomoni pasipo lazima, kwani mikwaruzo huvuruga uso wake. Na lebo yenye jina la mtengenezaji na namba ya toleo ibandikwe kwenye kadi yako ya matibabu.