Okidi ya Jivaka: mama mwenye kisukari aitumie?

SWALI: Mama yangu ana miaka 63, ana kisukari na anatumia metformin. Ndugu aliyetoka India kamletea kopo la Chyawanprash, dawa ya kulamba ya huko. Kwenye lebo kuna "Jivaka", na tunaambiwa ni okidi inayorudisha ujana. Inatibu nini hasa, na je, mama aitumie?

JIBU: Umefanya vyema kuuliza kabla mama hajaanza kuilamba. Jivaka ni okidi ndogo inayoota ardhini kwenye misitu ya Himalaya. Wataalamu wengi huitambua kuwa Crepidium acuminatum. Kinachotumika ni kishina chake kilichovimba mfano wa kitunguu, kikishakaushwa. Katika Ayurveda, tiba ya jadi ya India, imo kwenye Ashtavarga, kundi la mimea 8 ya kurudisha nguvu, na 4 kati ya hiyo ni okidi. Waganga wa huko huihesabu kuwa tamu na yenye kupoza mwili, hivyo humpa mtu aliyekonda, mwenye kikohozi cha muda mrefu au homa, na mwanamume aliyepungukiwa mbegu.

Hayo ni mapokeo. Maabara zimekuta ndani yake viambata vinavyokinga seli, lakini kutoka hapo hadi kurudisha ujana ni mbali sana.

Isitoshe, huenda kopo hilo halina Jivaka kabisa. Bhavaprakasha, kitabu cha karne ya 16, kinasema Ashtavarga ni adimu hata kwa wafalme, kikaruhusu mzizi wa mmea mwingine, vidarikanda, uwekwe badala ya Jivaka. Ukichimba kile kishina cha Jivaka, mmea umekufa. Watu wa Kitulo kule Makete wameyaona hayo kwa okidi zao zinazochimbwa kwenda kupikwa chikanda, chakula cha viazi vya okidi, Zambia. Hata mimi nisingependa kumwona mtu akiitafuta ya porini.

Kwa mama yako, ninachohofia ni sukari. Chyawanprash hupikwa kwa tunda la amla, samli, asali na sukari, na mara nyingi sukari ndiyo nyingi kuliko vyote. Vijiko viwili kwa siku vinaweza kumvurugia vipimo. Pia, utafiti wa Boston wa mwaka 2004 ulikuta risasi, zebaki au aseniki kwenye dawa 14 kati ya 70 za Ayurveda zilizonunuliwa madukani.

Kwa hiyo asiitumie. Kama ameshaanza, aache, mpimeni sukari asubuhi kabla hajala kwa siku kadhaa, na metformin aendelee nayo kama kawaida. Akienda kliniki, abebe na hilo kopo daktari alione.