Ekseli ya nyuma kwa gari la mbio lililobadilishwa injini

Anayeingia katika mbio za mstari mnyoofu akiwa na gari dogo lililowekewa injini kubwa huuliza kwanza kama ekseli ya nyuma itastahimili nguvu farasi alizonazo. Ningependa aanze na swali la matairi na namna atakavyoondoka kwenye mstari, kwa sababu tairi linaloteleza huipunguzia ekseli mzigo, ilhali tairi laini la mbio likiishika lami huuelekeza mzigo wote kwenye meno ya krauni na piniani, yaani gia kubwa na ndogo zilizo ndani ya ekseli, na kwenye shafti za magurudumu.

Chukua Datsun 240Z, iliyotoka kiwandani na injini ya lita 2.4 yenye torki (nguvu ya kuzungusha) ya takriban Nm 200, ikawekewa LS1 ya Chevrolet Corvette ya 1997 yenye Nm 475. Kupitia giaboksi ya T56, ambayo gia yake ya kwanza ni 2.66, na difu (kasha la gia katikati ya ekseli) yenye uwiano wa 3.73, torki inayofika kwenye ekseli inazidi Nm 4,700, karibu mara mbili ya ile ya awali, na hapo hatujahesabu pigo la klachi inayoachiwa ghafla. Difu ya R180 iliyokuja na gari hilo haikuundwa kwa kazi hiyo. R200, yenye krauni ya milimita 200, inafaa kwa gari la barabarani, lakini shafti zake bado zina viungo, na gurudumu likianza kurukaruka wakati wa kuondoka, viungo hivyo ndivyo hukatika.

Kwa hiyo anayekusudia kukimbia maili robo kwa matairi laini namshauri afunge ekseli ngumu, isiyo na viungo kati ya difu na magurudumu. Ya Ford yenye krauni ya inchi 9, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1957, ndiyo ningeichagua bajeti ikiruhusu: piniani yake ina beringi ya tatu kwenye ncha ya ndani, na difu yote hutolewa kwa mbele, hivyo uwiano wa gia unaweza kubadilishwa bila kuishusha ekseli. Gharama yake ni msuguano, kwa kuwa piniani imekaa chini sana ya kitovu cha krauni na hula sehemu ya nguvu.

Asiye na fedha hizo atafute inchi 8.8 ya Ford Explorer ya 1995 hadi 2001, ambayo ina breki za diski na shafti za meno 31. Mirija yake, inayofunika shafti pande mbili, ichomelewe kwenye kasha la difu, maana kiwandani hushikwa kwa nukta chache tu za kulehemu. Jambo zito zaidi ni kwamba shafti zake huzuiwa na vibanio vidogo ndani ya difu. Shafti ikikatika, gurudumu linaweza kuchomoka pamoja na kipande chake. Kanuni za NHRA, chama cha mbio hizi cha Marekani, hudai shafti imara zaidi na kizuizi cha nje, kinachoishika shafti upande wa gurudumu, kwa gari linalomaliza kwa sekunde 10.99 au chini, nami nasihi kizuizi hicho kifungwe hata kabla ya kufikia muda huo. Ekseli ya Dana 60 ni imara sana, lakini uzito wake hauna sababu kwenye gari jepesi.

Uwiano wa gia uchaguliwe kwa hesabu. Gari linalovuka mwisho kwa maili 120 kwa saa, likiwa na matairi ya kimo cha inchi 26 na gia ya nne ya 1:1, litazungusha injini mara 5,780 hivi kwa dakika kwa 3.73, lakini kwa 4.10 litafika 6,360, wakati mstari mwekundu wa LS1, yaani kikomo cha mizunguko yake, uko kwenye 6,000.

Upana wa ekseli upimwe magurudumu ya mbio yakiwa yamefungwa na gari likiwa limekalia springi zake, kisha ndipo mirija ikatwe.