Ukiwekwa kamati ya maendeleo ya kriketi, anza na pichi na mwamuzi

Nimekuwa kwenye kriketi muda mrefu, kwanza mchezaji wa klabu, baadae kocha wa watoto, halafu nikaingizwa kamati ya maendeleo ya chama cha taifa, na kila msimu niliona kitu kilekile: hela ikiingia inaenda timu ya taifa kwanza. Jezi, kambi, tiketi za ndege. Kinachobaki ndo kinaitwa maendeleo, na kisipobaki tunaambiwa subirini mwakani. Kwa hiyo naandika hii kwa wewe uliyeingia kamati kama ile juzi juzi na bado una nguvu ya kubishana.

Anza na pichi. Watu wakisema kiwanja wanawaza jukwaa, uzio na nyasi za kijani, lakini kriketi inaamuliwa kwenye pichi, kile kipande cha katikati ambapo mpira unarushwa na kudunda, urefu wa mita 20.12 na upana wa mita 3.05, hicho kikiwa kibovu mengine yote umejisumbua. Nilikuwa na binti wa miaka 13, mkono mzuri sana, tumemfundisha miezi kukanyaga mbele na kuufuata mpira, na kwenye neti ya mazoezi, ya zege na mkeka, alikuwa anafanya safi kabisa. Tukaenda mechi kwenye pichi ya udongo ambayo haikushindiliwa vizuri. Mpira wa pili ukadunda ukapita chini ya magoti, wa tatu ukadunda karibu palepale ukapanda ghafla ukampata kidole gumba, glavu na yote. Hakulia. Ila kuanzia siku ile mguu wake wa mbele ulikuwa unarudi nyuma hata kabla mpira haujatoka mkononi mwa mrushaji, msimu mzima tunahangaika kuurudisha. Aliyelaumiwa ni kocha, na mimi nasema mpaka leo kwamba kocha hakuwa na kosa lolote.

Mtu aliyenielewesha haya ni mtunza pichi mmoja mzee. Alikuwa anamwagia maji mengi siku kadhaa kabla ya mechi, anaanza na rola nyepesi, udongo ukianza kukauka analeta nzito, na hataki kabisa mtu ang'oe nyasi kwenye pichi kwa sababu mizizi yake ndo inavuta unyevu wa chini, pichi inakauka mpaka ndani sio juu tu. Asubuhi anachomeka ufunguo kwenye udongo, ukiingia kirahisi anatikisa kichwa, bado. Udongo wenyewe lazima uwe wa mfinyanzi wa kutosha, wa kichanga hata uushindilie vipi hautakupa mdundo. Yule mzee alikuwa analipwa kama kibarua wa kufyeka. Alipoondoka rola ilikuwepo, maji yapo, na hakuna hata mmoja wetu aliyejua aanze nini lini. Ndo maana nasema ajiri wawili, mmoja anajua na mwingine anajifunza, na uandike kwenye daftari kila siku imemwagiwa lini na imepigwa rola muda gani.

Na kama huna uwezo wa pichi za udongo kila mahali, usione aibu, weka zege na mkeka mashuleni, ila mkeka uvutwe ukaze na upigiliwe kila upande maana mkunjo mmoja tu unatosha kuumiza mtoto. Rwanda walicheza miaka mingi kwenye pichi ya zege, wakafungua kiwanja chao cha Gahanga 2017, na Januari 2023 mabinti wao wa chini ya miaka 19 wakazifunga Zimbabwe na West Indies, timu ya visiwa vya Karibiani, kwenye Kombe la Dunia. Sisemi kiwanja peke yake ndo kimefanya, lakini mtoto hawezi kuzoea mdundo wa kweli sehemu ambayo haupo.

Makocha sasa. Hapa tunajidanganya na vyeti. Kozi ya siku chache, picha ya pamoja, cheti, kila mtu anarudi kwao na hakuna anayemfuata tena. Mimi binafsi nilipata cheti cha kwanza na nikafundisha miaka miwili bila mtu yeyote kuja kuniangalia nikifundisha, na ndani ya hiyo miaka nilikuwa nawapa watoto wadogo mpira wa watu wazima wa gramu 156 hadi 163 wakati wa watoto upo, gramu 133 hadi 144, na nilikuwa nashangaa kwanini wanaogopa. Mbaya zaidi ni warushaji wa kasi. Kijana wa miaka 14 akiwa mzuri kila mtu anamtaka, shule asubuhi, klabu mchana, timu ya mkoa wikiendi, na hakuna anayejumlisha ova zake (ova moja ni mipira sita), mpaka mfupa wa mgongo wa chini unapasuka kidogo kidogo, na huo mpasuko kwa vijana warushaji ni jambo linalojulikana kabisa sio bahati mbaya. Kwa hiyo kocha apewe mtu wa kumtembelea, hata mara moja kwa mwezi, na kila mrushaji kijana awe na karatasi moja inayotembea naye timu zote.

Kuhusu wachezaji sina mengi, kipaji hakikosekani. Tatizo ni nyuma yao kuna nani. Kenya walifika nusu fainali ya Kombe la Dunia 2003, na wengi kwenye uti wa mgongo wa kikosi kile ndo walewale walioifunga West Indies pale Pune 1996. Steve Tikolo, mpigaji mkubwa sana, alikuwepo 1996 na akawepo tena 2011 akiwa na miaka 39. Mimi namheshimu mno, lakini nafasi yake ilitakiwa iwe inagombaniwa na vijana kumi. 2014 hadhi ya kucheza mechi za kimataifa za ova 50 ikaondoka. Mashindano ya chini ya miaka 13 na 15 yasiyokatika kila mwaka yana thamani kuliko kambi moja kubwa ya wiki mbili, nitasema hivi mpaka nizeeke.

Halafu waamuzi, na hapa naomba unisikilize vizuri. Tulikuwa na dogo wa miaka 19, anahesabu mipira kwa mawe sita mfukoni, kila mpira ukirushwa anahamisha jiwe moja kutoka mfuko wa kushoto kwenda wa kulia, hakosei. Siku moja akamtoa nahodha wa klabu kubwa kwa LBW, yaani mguu wake ulizuia mpira uliokuwa unaenda kugonga wiketi, vile vijiti vitatu nyuma ya mpigaji, uamuzi sahihi kabisa nilikuwa nimekaa usawa wa wiketi naona, yule nahodha akamtukana mbele ya watu wote na hakuna kilichofanyika, hata barua ya onyo. Dogo akamaliza mechi, akayatoa mawe akayaweka mezani kwa mwandika alama, akaondoka.

Mwamuzi anahitaji nauli na posho inayolipwa siku ileile, anahitaji mwenzake mzoefu wa kusimama naye, na anahitaji chama kinachoadhibu mchezaji anayemtukana hata kama ni nyota. Na usitafute waamuzi kwa wachezaji wastaafu tu. Claire Polosak wa Australia hakuwahi kucheza kriketi, na 2019 akawa mwanamke wa kwanza kusimamia mechi ya kimataifa ya ova 50 ya wanaume, Namibia na Oman. Kwenye shule zako kuna binti anayependa sheria kuliko kupiga mpira, mtafute huyo.

Yule dogo nilimfuata nyumbani mara tatu. Mara ya tatu nilienda na karatasi ya kamati, nahodha amefungiwa mechi nne na ameandika kuomba radhi kwa mkono wake. Akaisoma yote taratibu, akaniuliza mechi inayofuata ni lini na nani atasimama naye upande wa pili. Nikamwambia ni mimi.