Samaki wa Bahari Wanapokufa katika Tangi Jipya

Maswali ya Wasomaji

SWALI: Mpendwa Mhariri, wiki mbili zilizopita nilinunua tangi la kioo la lita 200 na kuliweka sebuleni. Nililijaza maji ya bomba, nikatia chumvi maalumu ya matangi ya bahari kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, na siku ya tatu nikaleta samaki sita. Watatu wamekwisha kufa. Waliobaki wanaelea karibu na uso wa maji wakipumua kwa kasi, ilhali maji yenyewe ni maangavu kabisa. Aliyeniuzia ananishauri ninunue dawa. Je, huu ni ugonjwa gani?
Msomaji wa Lang'ata, Nairobi

JIBU: Pole kwa hasara hiyo. Kwa dalili ulizozieleza, sidhani kuwa samaki wako wana ugonjwa, na ningekuomba usitie dawa yoyote katika tangi hilo kabla ya kuyapima maji. Yaelekea kinachowaua ni taka zao wenyewe. Samaki hutoa amonia, hasa kupitia matamvua, na chakula kinachobaki chini kikaoza huongeza amonia hiyohiyo. Baharini sumu hiyo humezwa na wingi wa maji, lakini ndani ya lita 200 haina pa kwenda. Katika tangi lililokomaa, kundi moja la bakteria wanaoishi juu ya mawe, mchanga na sponji ya kichujio hugeuza amonia kuwa nitriti, na kundi jingine hugeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huistahimili zaidi na ambayo hupunguzwa kwa kubadilisha sehemu ya maji. Bakteria hao huhitaji kwa kawaida wiki 4 hadi 6, na mara nyingine zaidi, kabla hawajawa wengi wa kutosha. Wewe uliwapa siku tatu.

Uangavu wa maji usikudanganye, kwa maana amonia haina rangi. Zaidi ya hayo, maji ya bahari huwa na pH (kipimo cha uasidi au ualkali) ya takriban 8.1 hadi 8.4, na kadiri pH inavyopanda ndivyo sehemu kubwa zaidi ya amonia inavyokuwa katika umbo lake lenye sumu kali. Ndiyo maana mtu aliyezoea kufuga samaki wa maji matamu hushangaa anapohamia kwenye chumvi: makosa yaleyale aliyosamehewa zamani sasa yanamgharimu samaki.

Leo hii nunua vipimo vya amonia na nitriti. Amonia ikionekana kwa kiasi chochote, badilisha robo hadi theluthi ya maji, na urudie kesho na keshokutwa ikibidi. Maji mapya yatayarishwe katika ndoo safi iliyo mbali na tangi: gramu 35 hivi za chumvi kwa kila lita, pampu ndogo ikizungusha maji hayo usiku kucha, kisha uhakikishe kwa haidromita, kifaa kinachoonyesha uzito wa maji ya chumvi ukilinganishwa na wa maji matamu, kwamba yamefikia kati ya 1.023 na 1.026 na kwamba joto lake linalingana na la tangi. Usimimine chumvi kavu mahali samaki walipo. Punguza chakula, samaki mzima hafi kwa kukosa kula siku mbili, na chakula unachomtupia kwa huruma ndicho kinachozidisha amonia. Kichujio nacho usikioshe kwa maji ya bomba, kwani klorini itawaua bakteria wachache ulionao. Sponji ikiziba, isuuze ndani ya maji uliyoyatoa kwenye tangi.

Liko jambo jingine ambalo vitabu vilivyoandikiwa watu wa pwani havilitaji. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kwa sababu hiyo shinikizo la hewa yetu ni kama asilimia 80 tu ya lile la Mombasa. Oksijeni inayoweza kuyeyuka ndani ya maji hupungua kwa kiasi hichohicho, na maji ya chumvi tangu hapo hubeba oksijeni kidogo kuliko maji matamu. Samaki aliyezaliwa katika miamba ya Shimoni akaletwa Lang'ata amepandishwa mlima. Kwa hiyo uso wa maji katika tangi la Nairobi unapaswa kuchezacheza wakati wote: elekeza bomba la pampu juu ili livunje uso huo, na kama tangi lina mfuniko uliobana, uachie nafasi. Samaki wanaotweta juu ya maji huenda wanasumbuliwa na amonia na uhaba wa oksijeni kwa pamoja, na kuyasukuma maji kutawafaa kwa vyovyote.

Joto lidumu kati ya nyuzi 24 na 27. Mwezi wa Julai sebule nyingi za jiji hili hupoa sana usiku, hivyo hita ni ya lazima. Binafsi napendelea hita mbili ndogo badala ya moja kubwa, kwa sababu moja ikikwama ikiwa inawaka haitakuwa na nguvu ya kuwapika samaki, na ikizimika nyingine itaendelea.

Kuhusu maji ya bomba, klorini yake lazima iondolewe kwa dawa ya kuondoa klorini. Maji ya visima yanayoletwa na maboza nisingeyatumia, kwa kuwa visima vingi vya Nairobi vina floridi na madini mengine kwa wingi. Njia rahisi ni kununua maji yaliyosafishwa katika maduka ya mtaani yanayojaza mitungi ya lita 20, ila umuulize mwenye duka kama huyarudishia madini baada ya kuyachuja. Unayoyataka ni yale ambayo hayajarudishiwa kitu. Maji hayohayo, bila chumvi, ndiyo utakayoongezea kila tangi linapopungua, kwa maana kinachopotea hewani ni maji peke yake na chumvi hubaki.

Hao watatu wakinusurika, usiwaongezee mwenzao hadi amonia na nitriti zisomeke sifuri kwa wiki nzima. Baada ya hapo leta mmoja au wawili, kisha usubiri wiki mbili au tatu. Wale wadogo wa rangi ya machungwa wenye mistari myeupe, wanaoishi ndani ya anemoni (kiumbe wa baharini mwenye minyiri), ni wavumilivu na wanafaa kuanza nao. Samaki aitwaye kangaja (surgeonfish) mwache, hata muuzaji akusifie vipi: huyo ni muogeleaji wa masafa, na tangi lako ni dogo kwake.

SWALI: Nina ndugu Mombasa ambao wako tayari kunitumia maji ya bahari kwa mitungi. Je, hayatakuwa bora kuliko chumvi ya dukani? Na chumvi ya jikoni je?
Msomaji wa Kasarani, Nairobi

JIBU: Chumvi ya jikoni haifai hata kidogo, kwa kuwa karibu yote ni kloridi ya sodiamu, ilhali samaki na matumbawe wanahitaji pia kalisi, magnesi na madini mengine ya bahari. Maji halisi ya bahari yanafaa, mradi yachotwe mbali na bandari, mifereji ya maji machafu na midomo ya mito. Tatizo ni safari. Viumbe wadogo mno waliomo hufa ndani ya mtungi uliofungwa na kuoza, kwa hiyo maji hayo yapumzishwe gizani kwa wiki kadhaa, yachujwe na kupimwa kabla ya kutumiwa. Lita 200 zina uzito wa zaidi ya kilo 200, nawe utahitaji mengine ya kubadilishia kila mwezi. Piga hesabu ya nauli kabla ya kuwasumbua ndugu zako. Wasikuvulie samaki pia. Katika hifadhi za bahari kama Malindi na Watamu, zilizotengwa tangu 1968, uvuvi umekatazwa kabisa, na kwingineko biashara ya samaki wa mapambo huhitaji leseni.

SWALI: Samaki wangu alipata madoa meupe kama punje za chumvi, yakatoweka yenyewe baada ya siku chache, nikashukuru. Sasa yamerudi kwa samaki wote.
Msomaji wa South B, Nairobi

JIBU: Huyo ni kimelea aitwaye Cryptocaryon irritans, na madoa yalipotoweka alikuwa ameshuka chini kwenda kuzaliana. Hujifungia kwenye gamba juu ya mchanga na mawe, akagawanyika mara nyingi, kisha watoto wake huogelea kutafuta samaki. Dawa ya shaba huwapata wakati huo tu wa kuogelea, na huua kamba, konokono na matumbawe, kwa hiyo isitiwe katika tangi kuu. Wahamishe samaki wote kwenye tangi dogo lisilo na mawe wala mchanga, uwatibu humo huku ukipima kiwango cha shaba kila siku, na tangi kuu likae bila samaki kwa zaidi ya wiki 6. Wafugaji waangalifu hungoja hadi wiki 11. Tangi hilo dogo usiliuze baadaye. Kila mgeni akae humo wiki 4 kabla ya kujiunga na wenzake.

SWALI: Umeme ukipotea nifanye nini?
Msomaji wa Umoja, Nairobi

JIBU: Washa pampu ya hewa inayotumia betri, usiwalishe, na usiku wa baridi funika pande za tangi kwa blanketi. Kama kichujio chako ni cha kopo lililofungwa na umeme umekatika kwa saa nyingi, usikiwashe mara tu unaporudi, kwa sababu bakteria wa ndani huenda wamekufa kwa kukosa hewa na maji yaliyotuama humo yamekuwa sumu. Yamwage kwanza, suuza sponji kwa maji ya tangi, kisha uwashe, na upime amonia kila siku kwa wiki moja.