Beetle 1300 au 504: kagua joto kabla ya rangi

Swali ni kati ya Beetle 1300 ya 1967 na Peugeot 504 ya 1976: ipi inunuliwe na mtu wa Kampala mwenye safari za Kabale? Kwa uvumilivu hakuna ya kuidharau. Safari Rally ya 1962 ilichukuliwa na Beetle, ya 1975 na 504. Kinachoziua ni joto, na joto lina njia tofauti ya kuua kila gari.

Beetle inapozwa kwa hewa. Fungua boneti ya nyuma utazame mabati yanayoizunguka injini na raba ya pembeni. Mafundi wengi wakishusha injini huyarudisha nusu, na hapo feni inavuta hewa ileile ya moto kutoka chini. Bati lililopotea wanakukatia Katwe, mtaa wa mafundi Kampala, usiliache. Kisha pima nafasi ya vali injini ikiwa baridi kabisa: milimita 0.15. Anzia silinda namba 3, kwa sababu hewa yake hupita kwanza kwenye kipoza oili. Nafasi ya vali ya ekzosi ikikutwa imepungua kila ukipima, usiendelee kurekebisha tu. Vali inarefuka, na ikikatika kichwa inatoboa pistoni. Oili ni lita 2.5 tu, haina filta, ibadilishwe kila kilomita 5,000. Mkanda wa feni hukazwa kwa kutoa shimu, yaani pete nyembamba za bati, katikati ya puli. Ukikatika, taa nyekundu inawaka. Zima papo hapo, usijikongoje mpaka mjini.

504 inapozwa kwa maji, na slivu zake, mitungi ambamo pistoni hucheza, zinakaa ndani ya maji hayo. Maji ya bomba matupu yanakula hedi ya aluminiamu, kwa hiyo weka kulanti, dawa ya rejeta inayozuia kutu. Chomoa kijiti cha oili: ikiwa rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, ama kwa gasketi ya hedi ama kwa sili za chini ya slivu. Hapa ndipo fundi mwenye haraka anapoharibu. Hedi ikishatoka, asizungushe kranki kabla ya kuzibana slivu kwa bolti na washa pana. Zikinyanyuka kidogo tu, sili zimekwisha, na utafunga gasketi mpya huku maji yakizidi kushuka. Feni yake hunasa kwa sumaku ya umeme. Iache injini ipate moto ukiwa umesimama, usikie kama inanasa.

Kutu: Beetle, inua kiti cha nyuma uangalie sakafu chini ya betri. 504, vizingiti vya milango.

Kwa Kabale ningechukua 504, tena ile ndefu ya mizigo (steshen wageni) yenye ekseli nzima, isiyogawanyika, na springi nne nyuma. Ina diski mbele, na kwenye mteremko wa Muhanga, njia ya Kabale, ukiwa na abiria watano utaona tofauti na breki za dramu za Beetle. Beetle mpe anayerekebisha vali mwenyewe na anayezunguka Kampala na Entebbe.